Sura ya Tisa: Mtani Hakufika Msibani

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na jioni ile Dominika hakuwa hata na nia ya kuyaficha. Aliingia baa ya Mama Rhoda pale Majengo kwa mlango wa mbele, kitambaa cheusi kikiwa bado kichwani, mbele ya waendesha bodaboda, wauza mitumba na wanafunzi wa chuo waliojibanza ndani kuikimbia baridi ya Juni. Mtoto wa katekista, mwenye msiba, ndani ya baa! Aliyetaka la kusema alilipata, na la kubaki.

Bahati yake, macho ya watu yalikuwa jukwaani. Jukwaa lenyewe tuliite jukwaa kwa heshima tu, maana zilikuwa kreti za bia zilizotandikwa mbao. Juu yake walisimama vijana watatu wanaojiita Radi Kavu, wakipiga muziki wa metali. Si rumba wala bongo fleva, na kwaya usiitaje. Gitaa lilikoroma kwa kasi ya kutisha, besi ikalifuata kwa nyuma, ngoma zikakimbizana mpaka glasi zikahama zenyewe mezani. Mbele kabisa wanafunzi walitikisa vichwa, nywele zilizokuwapo na zisizokuwapo, na mlevi mmoja wa siku zote alikuwa ameziba masikio kwa vidole huku anacheza. Mama Rhoda aliwapa Jumamosi hiyo kwa sababu mpiga diski wake alikuwa amekwenda harusini, na sasa alisimama nyuma ya kaunta akisali ukuta usidondoke.

Katikati, mbele ya maiki, alikuwa Amos.

Dominika alisimama kando ya nguzo, akamtazama. Tangu Februari hakuwa amemwona, ila kwenye simu, na picha ya simu haina harufu wala joto. Alikuwa amekonda. Mishipa ya shingo ilimtoka, sauti ikamtoka kifuani nzito na yenye mikwaruzo, sauti ya kumfanya mgeni aulize kama kijana yule ana mapepo. Dominika alijua hana. Alijua kwamba akishuka pale juu, mtu huyuhuyu huomba chumvi mezani kwa kunong'ona. Alijilaumu kwa kumtamani mtu ambaye nyumbani kwao jina lake lilikuwa halitamkwi tena.

Nyuma ya ngoma alikaa Yusto, kijana mpya. Kiti kile kilikuwa cha Romani, kaka yake Dominika, na Romani alikuwa chini ya udongo.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, maana bila kujua utani ulioharibika huwezi kujua Dominika alifuata nini baa.

Amos ni mtoto wa Mzee Ngeleja, Msukuma aliyehamia Kaoze na ng'ombe wake, kule bondeni. Dominika ni Mfipa wa juu huku, wa mahindi na ulezi na misa ya kwanza. Na Mfipa na Msukuma ni watani. Mtani anaweza kukuingilia jikoni akafunua sufuria, akakuita mchawi mbele ya wakwe zako, na wewe huruhusiwi kununa. Kwa hiyo mwishoni mwa Januari, Amos alipokuja nyumbani kwa kina Dominika kujitambulisha, hakupokewa kwa uzito hata kidogo.

“Msukuma,” Mzee Zenon, baba yake Dominika, alimwambia kabla hajakaa vizuri, “binti yangu hajui kukamua. Utampeleka wapi?”

“Nitamfundisha, mzee. Ng'ombe wenyewe wanafundishika, itakuwa Mfipa?”

Mama Leonia, mkewe, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

“Na nikikunyima?”

“Ukininyima sigombani. Sisi tuna ng'ombe, nyinyi mna radi za kichawi za kuuza. Nitanunua moja hapahapa kwenu, niwarudishie wenyewe. Nitaanza na huyu Romani, anamaliza ugali wa wageni.”

Romani alikuwa na tonge mdomoni. “Shemeji,” alisema, “ununue ya dukani. Za mtumba hazilipuki.”

Walicheka wote, Romani kuliko wote. Wiki iliyofuata mvua ya mchana ilimkuta kwenye shamba la ulezi, akakimbilia kibandani, na radi ikampiga kabla hajafika. Walimkuta amelala kifudifudi, jembe pembeni, nguo zimechanika mgongoni.

Mdomo uliponza kichwa. Shangazi Albina, dada yake Mzee Zenon, ndiye aliyelisema kwanza, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kulisikia: si yule Msukuma alisema? Si alimtaja kwa jina? Mzee Zenon alimkemea. Yeye ni katekista, anafundisha watoto Jumamosi kwamba radi ni umeme wa mawingu na kwamba kifo ni cha Mungu. Lakini imani ya kufundisha wengine ni nyepesi, na ya kujifundisha mwenyewe mbele ya jeneza la mwanao ni nzito.

Hata hivyo palikuwa na njia ya kulifuta lile neno, na kila Mfipa pale alikuwa anaijua. Mtani ana kazi yake msibani. Anakuja na kelele zake, anavaa koti la marehemu, anamwigiza anavyotembea, analala kaburini na kugoma kutoka, anamsema maiti kwamba amekimbia kulima. Waliofiwa wanacheka bila kutaka, na machozi yanapata njia. Mtu aliyeua hawezi kufanya hivyo. Mtani akifika na kutania, basi lile la Januari lilikuwa utani. Watu walijua hilo, wakaitazama barabara. Mzee Zenon mwenyewe alilichelewesha jeneza, akisingizia kwamba padri bado. Padri alikuwa amefika zamani.

Amos hakuja.

Pale baa wimbo ulikatika ghafla, makofi yakalipuka, na Amos akainua kichwa. Alimwona. Gitaa lilimning'inia mabegani, mkono ukasahau ulikuwa unafanya nini.

“Tunapumzika kidogo,” alisema kwenye maiki, kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi.

Calvin, mpiga besi, aligeuka kufuata macho ya mwenzake, akaelewa. “Nenda, mshikaji,” alimwambia. “Mimi nitawashikilia hawa.”

Walikutana uani, kwenye kreti tupu na ndoo za kuoshea glasi. Upepo wa Ufipa ulikuwa unakata. Walisimama mbali kidogo, kila mmoja akimngoja mwenzake avuke ile nafasi, wala hakuvuka mtu.

“Umekonda,” alisema Dominika.

“Na wewe.”

“Mimi nimefiwa.”

“Na mimi, Domi.”

Neno hilo lilimpanda Dominika kichwani. Miezi yote alikuwa amelikunja moyoni swali moja, na sasa likafunguka lenyewe.

“Umefiwa? Uliyefiwa ungekuja kuzika! Tulikungoja, Amos. Baba alisimama na kitabu cha sala mkononi, anasoma ukurasa mmoja tu, anarudia, anarudia, ili wewe ufike. Ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa kwa Calvin. Nilikuwa nimevaa tayari.”

“Ukaogopa.”

“Sikuogopa kupigwa. Wangenipiga ningeshukuru.” Alijifuta uso kwa kiganja. “Niliona aibu. Mimi ndiye niliyemtaja. Nikasema, nitaingiaje pale, mama yake ananitazama, halafu nilale kaburini nichekeshe watu? Nikasema nikae mbali, niwape heshima yao.”

“Heshima!” Dominika alicheka kicheko kibaya. “Mtani anatoa heshima? Nani alikufundisha? Ungekuja na upuuzi wako wote, ukamwita Romani mvivu, ukamnyang'anya Shangazi Albina kanga yake, yangeisha palepale. Ulikaa kimya, Amos. Kwetu mtani akikaa kimya ana jambo.”

“Sasa najua.”

“Sasa!”

Alikuwa analia. Amos alivuka ile nafasi, akamshika mikono yote miwili, vidole vyake vikiwa vigumu kwa nyuzi. Dominika alitaka kuvitoa vyake, akashindwa. Alikiegemeza kipaji cha uso kwenye kifua cha Amos, akausikia moyo wake unavyopiga ovyo, na kama dunia ingekubali kusimama mahali, ingesimamia pale.

“Nisikilize,” alisema, bila kuinua uso. “Sina muda. Baba anakuja hapa.”

“Hapa baa?”

“Anakuja leo. Kesho, Jumapili, Shangazi Albina anawaleta watu wa Polikarp kutoka Mwimbi, wanakuja kuniposa niolewe naye. Baba hajasema ndiyo, hajasema hapana. Jana usiku alikaa na mama, wakazungumza kwa Kifipa polepole, wakidhani nimelala. Mama alimwambia, nenda kamwone yule kijana mwenyewe. Akikutania, hana kitu moyoni. Akipiga magoti, ndiye.”

Amos alimtazama. “Yaani nimtanie baba yako?”

“Umtanie. Baba alipoona nimesikia, aliniambia nisikwambie. Alisema asiandaliwe mtu. Nimemwasi kwa ajili yako, basi usiniaibishe.”

“Domi, mzee amepoteza mtoto.”

“Ndiyo maana! Hujaelewa? Usimpe pole. Usimwamkie kwa unyenyekevu. Usimwombe msamaha hata kidogo, hata akiuliza, hata akilia. Asiye na kosa haombi msamaha. Sumu ya neno ni neno, Amos. Neno lilituharibia, neno litutengenezee.”

Ndani, Calvin alikuwa anawaimbisha wanafunzi bila gitaa, na walikuwa wanaboronga.

“Jaribu,” alisema Dominika. Alirudi nyuma hatua chache, akakunja uso, akafunga mikono nyuma kama baba yake anavyosimama kanisani. “Mimi ni Mzee Zenon. Niambie.”

“Mzee...”

“Siyo hivyo. Unaniita kama unaniletea hati ya mahakama.”

“We mzee wa Kifipa,” Amos alianza tena, “umekuja... umekuja kufanya nini baa? Divai ya padri imekwisha?”

Kicheko kilimtoka Dominika, cha kweli safari hii, akakiziba kwa mkono kwa haya. Alikuwa hajacheka tangu mazishi. Amos naye akatabasamu, na katika tabasamu lile alionekana yule kijana wa Januari, mpenda fujo, aliyefunua sufuria ya Mama Leonia.

“Hiyohiyo,” alisema Dominika. “Usiongeze, usipunguze.”

“Na nikishindwa?”

Dominika alimtazama machoni. Hakutaka kumtisha, lakini uongo ungekuwa wa nini.

“Ukishindwa, kesho nitavaa gauni nitakalochaguliwa, nitawapelekea watu wa Mwimbi maji ya kunawa. Mimi siwezi kuwazika wazazi wangu wakiwa hai. Wamebaki na mtoto mmoja.”

Amos alimbusu kwenye kitambaa cheusi, juu ya kichwa, akarudi ndani.

Mzee Zenon aliwasili katikati ya wimbo uliofuata. Alisimama mlangoni, mrefu, ameshika kofia yake, na watu waliomfahamu wakaanza kuzificha chupa chini ya meza. Mama Rhoda alikimbia kumfutia kiti.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mama. Nipe soda ya moto.”

Alikaa meza ya mbele, karibu kabisa na spika, mahali ambapo hata wanafunzi walipaogopa. Koti refu alilifunga mpaka shingoni. Hakuziba masikio. Alikaa wima, mikono magotini, kama anasikiliza somo kanisani, na muziki ukampiga usoni. Dominika alijibanza kwenye nguzo yake, akawatazama wote wawili, mzee anayesikiliza na kijana anayeunguruma.

Wimbo ule Romani alikuwa ameutunga yeye. Mzee hakujua. Au pengine alijua, maana palikuwa na mahali ngoma zinabaki peke yake, zinakimbia, zinasimama, zinakimbia tena, na ni kitu ambacho Romani alikuwa akikipiga kwa vijiko kwenye meza ya nyumbani tangu anasoma shule ya msingi, na mama yake akimfokea. Yusto alikipiga vizuri kuliko siku zote. Taya la Mzee Zenon lilitikisika mara moja, likatulia.

Wimbo ukaisha. Wanafunzi walipiga mayowe, kisha wakaona, mmoja baada ya mwingine, kwamba kuna jambo. Majengo hakuna siri. Nusu ya baa ilijua yule mzee ni nani na yule kijana alisema nini Januari. Pakawa kimya mpaka ikasikika friji ya Mama Rhoda.

Mzee Zenon alisimama. Alikwenda mpaka mbele ya zile kreti. Amos alishuka, gitaa bado shingoni.

Dominika alikuwa amejiandaa kwa lolote ila lile lililofuata. Baba yake hakungoja kutaniwa. Alianza yeye.

“Msukuma,” alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kaunta, “ndivyo ng'ombe wenu wanavyolia wakinyimwa maji?”

Watu walikohoa. Kuna aliyecheka, akajizuia. Furaha ilimpanda Dominika. Baba yake alikuwa amefungua mlango mwenyewe, akaushika, akamwambia kijana pita! Mtu yeyote mwenye ulimi angepita. Alimtazama Amos, midomo yake mwenyewe ikitamka bila sauti: divai, divai ya padri.

Amos alifungua kinywa. Tabasamu lilianza kumjia, upande mmoja kwanza, kama lilivyo lake.

Mle ndani palikuwa na joto la watu. Mzee Zenon, akingoja jibu, alilifungua lile koti refu. Ndani yake alikuwa amevaa jaketi jeusi la kitambaa cha jinzi, lililombana mabegani, na mgongoni na kifuani limeandikwa kwa rangi nyeupe iliyoanza kubanduka: RADI KAVU. Lilikuwa la Romani. Dominika hakujua kama baba yake alilivaa kwa baridi tu, au kwa sababu ya harufu, au kwa sababu msibani halikupata mtani wa kulivaa. Hakuwahi kumwuliza.

Tabasamu la Amos lilikwama lilipofika. Macho yalishuka kwenye zile herufi alizozichora kwa mkono wake mwenyewe, siku moja na Romani, kwenye sakafu ya chumba cha Calvin. Uso ukamvunjika.

“Amos!” Dominika aliita. Hakuweza kujizuia.

Amos hakusikia, au alisikia na lisimfae. Alivua gitaa, akaliweka sakafuni. Kisha akapiga magoti juu ya sakafu iliyolowa bia, akaishika miguu ya mzee kwa mikono yote miwili.

“Nisamehe, baba,” alisema. “Nisamehe. Nisamehe.”

Mzee Zenon alikiangalia kile kichwa miguuni pake. Mkono wake uliinuka, ukaning'inia hewani juu ya nywele za Amos, na kwa kitambo Dominika aliamini utashuka umguse. Haukushuka. Mzee alilifunga koti, kifungo kimoja kimoja, mpaka shingoni.

“Inuka, mwanangu,” alisema. “Umeshasema.”

Akaigeukia nguzo. “Dominika. Twende.”

Dominika alipita karibu na Amos. Alitaka kumpiga, alitaka kulala pale sakafuni kando yake. Amos aliinua uso, na Dominika akaona kwamba amekwishaelewa alichokifanya. Midomo yake ilitafuta lile neno la uani sasa, sasa ambapo halikuwa na wa kulipokea.

“Domi, ilinijia kwa uchungu. Sikuwa na maana ya...”

“Najua,” alimjibu. “Najua ulivyo.”

Akatoka.

Nje upepo ulikuwa umezidi. Walitembea, maana mzee hakutaka bodaboda. Maduka ya Majengo yalikuwa yamefungwa nusu, na mbwa waliwabwekea kwa uvivu. Walipofika mahali lami inapoishia, Dominika hakuvumilia.

“Baba, yule mtu analia kwa sababu alimpenda Romani.”

“Ninajua.”

Dominika alisimama. “Unajua?”

“Ulimwambia nakuja?”

Dominika aliinamisha kichwa. “Ndiyo, baba. Nilimwambia kila kitu. Nilimfundisha na cha kusema.”

“Basi.” Mzee alitikisa kichwa taratibu. “Alifundishwa, na bado akashindwa. Mwuaji asingeshindwa. Mwuaji angenitania vizuri sana. Yule kijana hana hatia, Dominika. Nimeuona moyo wake pale chini.”

“Sasa, baba, kwa nini...”

“Kwa sababu watu hawakuona moyo. Waliona magoti.” Sauti yake ilikatika, akaitafuta tena. “Kesho mjini watasema alikiri. Albina atasema alikiri. Mimi nitasimama kigangoni niwaambie nini? Kwamba alikuwa analia tu? Wataniambia mzee, umemwuza mwanao. Hayo ningeyabeba. Ningeyabeba, binti yangu. Lakini mama yako je? Amelala na njaa ya kumkosa Romani miezi yote hii, amebakiwa na jambo moja la kushikilia: akitania, siyo yeye. Mimi siwezi kwenda kumbadilishia kipimo hicho. Nilitaka anitukane, mwanangu. Nilitaka anitukane mpaka nicheke.”

Alilia wakiwa wamesimama barabarani, mzee mzima, bila kujifuta. Dominika alimpitishia mkono kwapani, wakaendelea.

“Tumdanganye mama,” alisema Dominika, nyumba ilipoonekana. “Tuseme alitania. Kwa leo tu. Baadaye tutajua la kufanya.”

“Mimi siwezi,” alisema Mzee Zenon. “Wewe ukiweza, sitakukanusha.”

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Mama Leonia alikuwa hajalala. Alisimama waliposukuma mlango, kanga kifuani, na Dominika akaona kwamba amechana nywele, jambo ambalo hakulifanya tangu Februari. Ugali wa ulezi ulikuwa umefunikwa juu ya meza, na maharage, na kuku mzima. Sahani zilikuwa nne.

“Nilisema pengine mtarudi naye,” alisema Leonia, akiona aibu kidogo kwa yale maandalizi. “Msukuma hakosi njaa.”

Mzee Zenon alikwenda kukaa pembeni, akaiinamia kofia yake. Leonia alimtazama mumewe, kisha bintiye.

“Alitania?”

Dominika alikuwa na uongo wake tayari, kamili, ameutengeneza njia nzima. Alifungua kinywa. Mama yake alimsogelea, uso umeinuliwa, pembe za midomo zimeshaanza kulegea kungoja kucheka. Kwenye uso ule palikuwa na macho ya Romani, na Dominika, kama yule mwingine kule baa, akakosa nguvu ya kuyachekesha.

“Alipiga magoti, mama.”

Leonia hakulia. Alichukua sahani moja, akaifuta ingawa ilikuwa safi, akairudisha kabatini.

“Kesho waje wa Mwimbi,” alisema bila kugeuka.

Dominika, aliyejua kwamba Amos hana hatia kama alivyojua jina lake mwenyewe, na aliyejua kwamba baba yake analijua hilo pia, akavuta kiti, akakaa.

“Ndiyo, mama,” alisema.